Kukatwa kifuko cha koo kwa kamera nikiwa na miaka 77: uzoefu wangu

Matibabu yenyewe nayapa nyota tano. Huduma ya baada ya matibabu naipa mbili, tena kwa kuwahurumia. Anayesoma hapa ili aamue kumpeleka mzazi wake, au kujipeleka mwenyewe, asiyachanganye hayo mawili.

Ugonjwa wangu unaitwa kifuko cha Zenker. Pale koo linapokutana na umio pana msuli wa mviringo ambao hulegea kila mtu anapomeza. Wangu ulikakamaa. Kila tonge likawa linasukumwa kwa nguvu dhidi ya mlango usiofunguka vizuri, hadi ukuta wa nyuma wa koo, juu kidogo ya msuli huo, ukatuna na kuwa kama mfuko wa shati. Chakula kinaingia humo badala ya kuteremka. Mara nyingi huwapata waliovuka miaka 60, ndiyo maana ni rahisi kuambiwa "ni uzee tu" na kurudishwa nyumbani.

Mimi nilipewa dawa za asidi kwa muda mrefu, na hazikusaidia kitu. Kinywa kilinuka hata nikipiga mswaki mara ngapi, shingo iliguruma nikinywa maji, na usiku nilikuwa napaliwa na chakula kilichorudi juu chenyewe. Asubuhi moja nilikuta kidonge changu cha presha kwenye mto, kizima, hata alama iliyochongwa juu yake inasomeka. Nilikuwa nimekimeza jana yake. Daktari wa presha alikuwa anazidi kuniongezea dozi, kumbe dawa inalala shingoni! Kwa wazee wenzangu hatari kubwa zaidi ni chakula hicho kuingia kwenye mapafu na kuleta nimonia.

Kilichofichua yote ni eksirei ya kumeza bariamu. Unakunywa kimiminika kizito cheupe huku wanakupiga picha kinavyoshuka. Kwenye skrini niliona mfuko unajaa kwanza, umio unapata masalia. Mwenye dalili kama zangu azieleze zote kabla hajaingizwa kamera yoyote, kwa sababu kamera inaweza kupotea njia ikaingia kwenye kifuko na kukitoboa.

Nilielezwa njia tatu. Ya kwanza ni upasuaji wa wazi kupitia shingoni. Ya pili ni bomba gumu linalopitishwa mdomoni ukiwa kwenye nusukaputi, shingo imekunjwa nyuma kabisa. Yangu ina baridi yabisi, haikunjiki hata kutazama dari, kwa hiyo hiyo ikafutwa. Tukabaki na ya tatu, kamera laini inayopinda. Si jambo la majaribio, ripoti za kwanza za njia hii zilitoka mwaka 1995.

Watu huniuliza kama kifuko kilitolewa. Hapana, bado kipo. Kinachokatwa ni ukuta unaokitenga na umio, maana msuli uliokakamaa umo ndani ya ukuta huo. Ukishakatwa, chakula hakina pa kunasa, kinateleza na kushuka. Daktari aliufunga mwisho wa mkato kwa klipu ndogo za chuma, ambazo baadaye huachia zenyewe na kutoka kwa haja kubwa.

Maandalizi yalikuwa ya kawaida: vimiminika tu siku iliyotangulia, meno ya bandia nje. Dawa yangu ya kuzuia damu kuganda ilisimamishwa kwa tarehe aliyoipanga daktari wa moyo. Hiyo usijisimamishie mwenyewe. Nilichomwa sindano ya usingizi, na nilipozinduka muuguzi akaniambia haikufika hata saa nzima. Koo liliwaka, nikabaki na dripu hadi kesho yake walipopiga picha nyingine kuhakikisha hapavuji. Ndipo nikapewa glasi ya maji. Yalipita kimya, bila kuguruma.

Sasa zile nyota mbili. Karatasi ya kuruhusiwa ilisema "kula vyakula laini", basi. Laini kiasi gani, hadi lini, haikusema, na maandishi yenyewe ni ya kusomwa na kijana wa miaka 20. Binti yangu alipopiga simu kuuliza alizungushwa dawati hadi dawati. Jambo la maana kuliko yote nililisikia mlangoni, kwa muuguzi aliyekuwa anamaliza zamu: homa, maumivu ya kifua, au shingo kuvimba na kutoa mlio wa kuchakacha ukiibonyeza, rudi hapohapo, huenda kuna tundu na hewa inavuja chini ya ngozi. Hilo lilipaswa kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya karatasi.

Leo nakula mkate na nyama, ila natafuna taratibu na sili nikiwa nimeegemea. Kwa baadhi ya wagonjwa dalili hurudi, na mara nyingi mkato unaweza kurudiwa kwa njia ileile. Muulize daktari amewahi kufanya wangapi. Wa kwangu alijibu bila kukasirika. Na kama mzee wako anapaliwa tangu apate kiharusi, tatizo lake huenda ni mishipa ya fahamu. Hapo mkato huu si dawa yake, anahitaji mtaalamu wa mazoezi ya kumeza.