Kitambaa cha milango ya gari: nimebadilisha mwenyewe, mara mbili

Gari yangu ni Toyota Mark II, ile GX110, ya mwaka 2001. Injini haina neno, bodi haina neno, ila ukifungua mlango unakutana na kitambaa kimetuna kama chapati kikaangoni. Ukikibonyeza kinarudi ndani, ukitoa kidole kinatuna tena. Mwanangu alishaufanya mchezo wa safari ya shule.

Kiwanda sikilaumu. Zaidi ya miaka 20, tena sehemu kubwa kwenye jua la Dar, kitambaa kimefanya kazi yake. Shida haiko kwenye kitambaa chenyewe. Mgongoni kina sponji nyembamba, milimita tatu hivi, na hiyo sponji ndiyo inayoshikwa na gundi. Joto na unyevu vinaila taratibu mpaka inageuka unga. Jamaa mmoja alinishauri nichome sindano nipenyeze gundi ndani. Nilijaribu, ikashika siku tatu. Nilikuwa nabandika nguo kwenye vumbi.

Fundi viti wa mtaani kwetu aliangalia mara moja tu. "Bosi, hiyo sponji imeshakufa. Hapo ni kuvua yote." Kwa hilo alisema kweli. Akataja 180,000 kwa milango minne, nikamwambia nitarudi, na wote wawili tukajua sirudi.

Nikaenda Kariakoo. Kitambaa nilichochukua ni kile cha dari la gari, cha kijivu, kimeshabandikwa sponji mgongoni, upana mita moja na nusu. Mita mbili, 14,000 kila mita. Muuzaji alinisukumia reksini, ile ngozi ya bandia, kwa nguvu zote, eti inafutika. Inafutika kweli, lakini ile nzito haikubali kuingia kwenye mabonde, na ikipigwa jua unaweka kiwiko kwa adabu. Kitambaa hiki kinavutika zaidi upande mmoja kuliko mwingine, kwa hiyo kabla hujakata kivute kwa mikono ukijue. Mimi niliweka upande unaovutika uende juu na chini, kwa sababu paneli, yaani kile kifuniko cha ndani cha mlango, ina bonde pale juu ya sehemu ya kuegemeza mkono.

Kuvua paneli hakukunisumbua. Nilitoa waya hasi wa betri, nikang'oa swichi za vioo, nikafungua skrubu za kwenye mshikio na ile iliyojificha nyuma ya kitasa cha ndani, kisha nikazunguka pembeni nikifyatua klipu kwa kipande cha plastiki. Ukitumia bisibisi utaacha alama. Paneli inanyanyuliwa kwenda juu, haivutwi kuja kwako. Nilivunja klipu tatu. Za kununua zipo kwa wauza spea, bei ndogo.

Kazi yenyewe ni kusafisha. Kitambaa cha zamani kinabanduka kama ganda la ndizi, halafu unabaki na utando wa kahawia unaonata, nusu unga nusu lami. Nilitumia brashi ngumu ya plastiki, kisha msasa laini, kisha kitambaa chenye spiriti. Mlango wa kwanza ulinichukua saa mbili na nusu, na jioni nilikuwa nakohoa vumbi la njano. Vaa barakoa. Mlango wa pili nikawa mvivu, nikaacha mabaka. Yale mabaka yote yalionekana juu ya kitambaa kipya, kama mtu aliyevaa shati bila kulipiga pasi.

Sasa gundi, maana hapa ndipo nilipotupa hela. Mara ya kwanza nilichukua gundi ya kawaida, ile ya kubandika soli za viatu. Siku hiyo kazi ilipendeza hadi nikaipiga picha. Ilikuwa Februari. Kazini naegesha uwanjani, hakuna hata mwarobaini mmoja. Wiki ya pili ukingo wa juu, pale karibu na kioo, ukaanza kuachia, na kwenye lile bonde kitambaa kikasimama hewani. Gundi ya namna hiyo ikipata joto la ndani ya gari lililofungwa inalegea, na kitambaa ulichokivuta sana kinajirudia.

Raundi ya pili nilitafuta kopo lililoandikwa kwamba linahimili joto hadi nyuzi 80. Lilikuwa ghali karibu mara mbili ya lile la kwanza, na ndilo ningenunua tangu mwanzo. Unapaka pande zote mbili, paneli na sponji, tabaka jembamba, unasubiri kama dakika kumi na tano hadi ukigusa halichafui kidole. Ukibandika likiwa bichi linapenya sponji na kutoa doa usoni. Likishakutana na mwenzake halisogei, kwa hiyo nilianzia ndani ya bonde, nikakandamiza kwa kiganja, kisha nikatoka kwenda pembeni bila kuvuta. Pembeni nikaacha sentimita tatu za kukunja kwa nyuma. Fanyia nje, na mbali na moto. Jirani alitaka kuwasha jiko la mkaa hatua nne kutoka nilipo, nikamwomba: "Mama, nisubiri nusu saa tu." Alisubiri, ila alinuna.

Nguzo zenye maandishi ya SRS sikuzigusa wala sikushauri uzifunike. Nyuma yake kuna mfuko wa hewa (airbag) unaofumuka gari likigongwa, na haupaswi kukuta kitambaa cha kupambana nacho.

Hadi leo ni miezi minane, jua lilelile, uwanja uleule. Milango mitatu iko sawa kabisa. Wa nyuma kushoto, ule wa mabaka, una kona moja inayojinyanyua kidogo nikipitisha ukucha. Kitambaa chenyewe hakijapauka, na doa la juisi lilitoka kwa maji na sabuni. Gharama yote, pamoja na gundi niliyoipoteza, haikufika 70,000.

Dari nalo limeanza kuning'inia juu ya kiti cha nyuma. Nimepima kipande kilichobaki. Hakifiki hata nusu, na dari halitaki kiraka.