Upasuaji wa kupunguza tumbo kwa sisi wabeba mizigo: uzoefu wangu

Kwa mtu wa kukaa mezani, maelekezo ya hospitali yanaweza kutosha. Mimi napakia na kupakua mizigo ghalani, na hapo ndipo huduma niliyopata ilipopungua.

Upasuaji wenyewe sina lawama nao. Ili nipunguze uzito, nilifanyiwa ule wa kuondoa sehemu kubwa ya tumbo la chakula, likabaki jembamba kama ndizi. Ni wa matundu madogo, maumivu yalidhibitiwa vizuri, na magoti yaliyokuwa yakinitesa kwenye ngazi yamepata nafuu kubwa. Nashukuru kwa dhati.

Kasoro ilikuwa kwenye karatasi ya ruhusa. Muda ulioandikwa ulimfaa karani. Nilipoeleza ninachobeba ndipo ukaongezwa: wiki 4 hadi 6 bila kunyanyua kizito. Ngozi hufunga upesi, lakini misuli ya ndani huchelewa, na ukilazimisha waweza kupata ngiri. Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Taja uzito unaobeba, na kama unainama au unapanda juu.

Hata hivyo, kilichonisumbua zaidi kazini ni maji, wala si vidonda. Zamani nilimaliza chupa kwa mkupuo mmoja wakati wa mapumziko, nikaendelea. Tumbo hili halipokei hivyo: ukigugumia, kifua kinabana na kichefuchefu kinakuja; usipokunywa, jasho linakuachia kizunguzungu. Tena hutakiwi kunywa pamoja na chakula, unasubiri kama nusu saa baada ya kula. Ukila polepole inavyopasa, kisha ukasubiri, mapumziko yameisha na koo bado kavu. Nilimwomba msimamizi anigawie mapumziko yangu vipande vifupi vifupi, naye akakubali. Chupa nafunga kiunoni, napiga funda dogo dogo zamu nzima mpaka lita 1.5 au 2 zitimie kwa siku. Hakuna kilichonisaidia kama mpango huu, na hospitalini hakuna aliyeutaja.

Nguvu nazo huchelewa kurudi, kwa sababu kilo zinazopungua si mafuta peke yake, misuli pia huondoka. Mtaalamu wa lishe ndiye aliyenifaa kuliko wote. Alinipangia protini gramu 60 hadi 80 kwa siku, niianze hiyo kabla ya kitu kingine chochote kwenye sahani, na akasisitiza vitamini zisikatizwe. Nilirudi kwa kuhesabu bidhaa na kubeba maboksi mepesi, uzito ukaongezwa taratibu.

Wenye presha au kisukari, ombeni dozi ziangaliwe upya kabla ya kurudi kazini. Mwili ukipungua, dozi ya zamani inaweza kuzidi, na kizunguzungu juu ya ngazi ni hatari. Diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi wetu tunazimeza mgongo ukiuma, nimeambiwa niziepuke kwa sababu zinaweza kuleta vidonda vya tumbo. Ulizeni dawa mbadala mapema.

Je, ningefanyiwa tena? Ndiyo, bila kusita. Ila ningetafuta kituo chenye mtaalamu wa mazoezi ya viungo ndani ya timu, na kabla ya kulipa ningeuliza nani atasaini barua yangu ya kurudi kazini, na kama atanipima nikiwa nimenyanyua kitu.