Oili ya pikipiki ya spoti ya zamani: herufi mbili za kusoma kabla hujauliza bei

Mwezi wa nne nilikuwa napandisha Marangu kwa mama, nimetoka Arusha asubuhi, mpaka Himo safari ilikuwa safi kabisa, nikakunja kushoto kuanza kilima. Gia ya nne, navuta mafuta, injini inalia, sindano ya mizunguko ya injini inapanda inapita elfu tisa, na pikipiki haiongezi mwendo hata kidogo. Haimisi, haitoi moshi, inalia tu. Nikarudisha gia ya tatu, vilevile. Bodaboda mwenye mikungu miwili ya ndizi nyuma akanipita akiwa ametulia kabisa, na mimi niko juu ya Kawasaki Ninja 250R ya 2009, pikipiki yangu ya kwanza maishani, nimeichangia hela miaka miwili.

Fundi akasema klachi imeisha. Sikubisha, manake dalili ni hizohizo kweli. Seti ya pleti za klachi ikaagizwa Dar, nikalipa, nikasubiri wiki mbili. Siku ya kufungua fundi akazipanga pleti za zamani moja moja juu ya gazeti, mi nimechuchumaa pembeni naangalia, na vile vipande vya koki vilikuwa bado vinene, mistari yake inaonekana, hakuna palipoungua. Nikamuuliza sasa hizi zimeisha wapi, akasema dada tufunge tu mpya. Tukafunga. Siku ya tano mlima wa Kibosho ikateleza tena.

Hapo ndo nikaenda kulichukua lile kopo la oili niliyokuwa nimemwagia mwezi wa tatu. Nilinunua duka moja la spea mjini, muuzaji akaniambia hii ndo baba lao dada yangu, sintetiki tupu, hata Benzi wanaweka. 5W-30. Nikaligeuza nyuma, nikawasha tochi ya simu, kuna kiduara kidogo ukubwa wa shilingi mia, nusu ya chini imeandikwa "Resource Conserving". Maneno hayo mawili ndo yameninyima klachi, yakanilia na hela ya pleti ambazo sikuzihitaji.

Nieleze kidogo kwa anayeanza kama mimi. Kwenye gari la gia za kawaida klachi iko kavu, peke yake, haikutani na oili ya injini. Kwenye pikipiki zetu hizi oili ni moja tu, inalainisha pistoni, inalainisha gia, na klachi yenyewe imekaa ndani ya oili hiyohiyo. Sasa oili nyingi za kisasa za gari, hasa zile nyepesi kama 5W-30 na 0W-20, zinawekewa dawa ya kupunguza msuguano ili gari lile mafuta kidogo. Kwa gari ni jambo zuri. Kwa klachi iliyolowa ni balaa, kwa sababu klachi inafanya kazi kwa msuguano, ukiuondoa pleti zinateleza bila kushikana. Wajapani waliliona hili mapema, ndo mwaka 1998 wakatoa kipimo chao cha JASO T 903, wakazigawa oili za pikipiki makundi mawili, MA kwa zenye klachi ndani ya oili na MB kwa zenye kuteleza zaidi, ambazo ni za skuta. Mwaka 2006 wakaongeza MA1 na MA2, na MA2 ndo inayoshika zaidi kwa klachi.

Kwa hiyo mwongozo wangu wote uko hapo. Sitaongelea rangi ya oili, sitaongelea harufu, hata ubishi wa mineral na sintetiki naupita, watu wameshaumaliza vijiweni. Mi nataka ugeuze kopo. Tafuta kiboksi cha mstatili chenye namba ya usajili ya oili juu na MA au MA2 chini yake, au angalau mstari unaosema JASO MA2. Usikubali kuambiwa "imeandikwa 4T si unaona", 4T maana yake ni ya injini ya viharusi vinne basi, oili za skuta nazo zina 4T na ukishuka mstari wa chini unakuta MB. Hata kitabu cha Honda CBR250R kimesema wazi, API (daraja la oili la Wamarekani) kuanzia SG kwenda juu, isipokuwa zile zilizoandikwa za kubana matumizi ya nishati kwenye kile kiduara, na JASO iwe MA. Yani mtengenezaji mwenyewe kakataza, alafu dukani unaambiwa oili ni oili tu.

Haya, chaguo langu la kwanza, na silifichi kwamba nina upendeleo, ni Motul 5100 ya 10W-40. Ni nusu sintetiki, MA2, na 10W-40 ndo namba ambayo Kawasaki wanaitaja kwa 250R. Nilichokipenda mimi ni gia. Injini ya hii pikipiki inazunguka mpaka mara elfu kumi na tatu kwa dakika, ukiwa na oili iliyochoka gia ya kwanza kwenda ya pili inagonga kama nyundo, na kupata nyutro ukiwa umesimama mataa ya Sanawari unahangaika mpaka gari za nyuma zinapiga honi. Nilipoweka 5100 gia zikaanza kuingia kimyakimya, na mpaka nafikisha kilomita elfu mbili na mia tano bado zilikuwa hivyo. Wenye CBR mnaotaka 10W-30 kama kitabu kinavyosema, 5100 ipo ya 10W-30 pia. Ipo na 7100 ambayo ni sintetiki kamili, nzuri, ila kwa pikipiki ya zaidi ya miaka kumi na tano ya kwendea kazini na kwa mama, hiyo tofauti ya hela kanunulie filta na uwahi kumwaga.

Ya pili ni Shell Advance AX7 10W-40. MA2, nusu sintetiki, sina ubaya nayo, nimeitumia raundi moja na klachi ilishika vizuri. Gia zilianza kukaza kidogo mapema kuliko 5100, kama kilomita elfu na mia nane hivi, basi. AX5 ya 15W-40 nayo ni MA2 na ni nafuu, kama mfuko umebana chukua hiyo bila wasiwasi kuliko kuchukua ya gari ya bei mbaya.

Castrol Power1 4T 10W-40 naiweka ya tatu, na haiko huko kwa ubora. Ni MA2, ni oili nzuri. Tatizo langu ni kwamba makopo niliyoyashika mimi dukani, mawili kati ya matatu yalikuwa na kifuniko ambacho ile pete yake ya chini imeshaachia, na muuzaji anasema imelegea njiani. Pete hailegei njiani, inaachia kopo likifunguliwa. Ukikuta iko sawa, na ile namba iliyopigwa kwenye kopo haijakwanguliwa, nunua.

Hi-Perf za 4T za TotalEnergies unazipata sheli zao, na faida kubwa ni hiyo, unapewa risiti ya EFD na oili haijakaa juani. Soma kopo kwa kopo tu kwa sababu zipo za aina nyingi, chukua 10W-40 yenye MA2.

Za bei rahisi, zile 20W-50 za bodaboda: kama ina MA, inafaa, na kwa joto la Moshi mwezi wa pili hata chati ya Kawasaki inairuhusu 20W-50. Imwage mapema. Ya kupima kutoka kwenye pipa usiweke. Na zile chupa ndogo za dawa ya kuongezea kwenye oili usiweke pia, nyingi kazi yake ni kupunguza msuguano, tumeshaongea.

Sasa wauzaji. Hili linaniuma jamani. Ukifika na pikipiki ya spoti bei inabadilika ukiwa bado hujavua helmeti. Kopo lilelile la 5100 nimetajiwa elfu thelathini na nane nilipokwenda kwa miguu, wiki iliyofuata nimepaki mlangoni naambiwa elfu hamsini na tano, duka moja, kijana mmoja, kopo moja. Nikisema wiki iliyopita ulinipa bei nyingine anacheka, sista hiyo ni ya spoti, kwani we unakosa? Alafu wengi hawataki ulishike kopo. Wanakuonyesha mbele, penye picha ya moto na pikipiki inalala kona, ukisema naomba nisome nyuma wanaona unawachelewesha. Mi saivi nasema kabisa, nisiposoma nyuma sinunui, na wawili watatu wameshanizoea wananigeuzia wenyewe. Mwanamke ukiuliza JASO wanamuangalia fundi uliyekuja naye kama yeye ndo ameuliza. Uliza hivyohivyo, majibu wampe nani wanajua wenyewe, ila kopo ligeuzwe.

Kuna hili la ujazo nalo, linaua injini nyingi kimyakimya. Bodaboda nyingi zinakaa oili lita moja hivi, na mafundi wetu mkono umezoea: fungua kopo moja, mimina lote, funga. 250R ukibadilisha na filta inataka lita moja na nusu, CBR250R vilevile. Ukimuachia fundi atamimina lita moja na utaondoka unaendesha injini ya elfu kumi na tatu ikiwa na theluthi mbili ya oili. Nunua makopo mawili, au dumu la lita nne kama unalipata, linatosha kumwaga mara mbili na lita moja inabaki ya kuongezea.

Kama klachi yako imeshateleza kwa sababu ya oili ya gari, usikimbilie pleti kama nilivyofanya. Mwaga, weka yoyote yenye MA2 hata ya bei rahisi, tembea kilomita mia mbili mia tatu, mwaga tena na filta, ndo uweke ile nzuri. Yangu ilirudi kwenye raundi ya pili, na zile pleti za zamani zimekaa kwenye boksi nyumbani zikiwa nzima.

Ukimaliza kuweka, washa dakika mbili, zima, subiri oili ishuke, alafu mtu akushikie pikipiki isimame wima, usipimie kwenye stendi ya pembeni. Upande wa kulia chini kuna kioo kidogo cha duara. Oili iwe katikati ya ile mistari miwili. Kiangalie hicho kioo fundi akiwa bado yupo, kabla hujamlipa.