Onan QG 4000 chini ya gari-nyumba: yapi unaweza kutengeneza mwenyewe

Jenereta hii ya Cummins Onan, ya familia ya KY inayotumia petroli, inatoa wati 4,000 kwa volti 120 na Hz 60, yaani ampea 33 hivi. Injini ni ya silinda moja, inapozwa kwa hewa, na mtambo mzima una uzito wa takriban kilo 80. Hapa tunaipima kwa kigezo kimoja tu: inamruhusu mwenye gari ashike spana mwenyewe kiasi gani? Jibu fupi ni kwamba inamruhusu sana. Jibu refu lina malalamiko ndani yake.

Sifa yake kubwa ni kwamba inasema. Taa ya kwenye swichi humeta kwa mafungu. Fungu la kumeta 2 ni oili. Fungu la 4 maana yake selfu imezungusha injini mpaka muda ukaisha bila kuwaka. Fungu la 3 linakutuma ukatafute zaidi: bonyeza kitufe cha kuzima mara 3 ndani ya sekunde 5, na taa itatoa msimbo wa tarakimu mbili. Ikimeta 3, ikatulia kidogo, kisha ikameta 6, umepata 36. Ikinyamaza baada ya dakika kadhaa, bonyeza tena mara 3 itarudia. Andika msimbo kwenye karatasi kabla hujagusa chochote.

Sasa huo 36 ndio unaomaliza watu pesa. Maana yake ni kwamba injini imezimika bila kidhibiti (bodi ya elektroniki inayoiongoza jenereta) kuiamuru, basi. Haitaji kabureta wala haitaji koili (inayotengeneza cheche ya plagi), lakini wengi wakiuona tu wanaagiza kabureta mpya. Kabla ya kuagiza, sikiliza inavyokufa. Ikianza kupanda na kushuka, ikakohoa, halafu ikaishiwa pumzi, hiyo ni petroli. Ikikatika papo hapo kama mtu amezima swichi, hiyo ni umeme: koili, waya uliolegea, au kidhibiti chenyewe.

Kwa petroli, anza na geji ya gari. Bomba linalolisha jenereta halifiki chini ya tangi. Kwa kawaida huishia karibu na robo, makusudi, ili jenereta isikuache njiani bila mafuta ya kuendeshea. Tangi likiwa chini ya robo, au gari likiwa limeegeshwa mteremkoni, jenereta inanyonya hewa na kosa si lake.

Kama mafuta yapo, pima pampu. Injini iwe imepoa, gari liwe nje, pasiwe na moto wala cheche karibu. Chomoa mpira unaotoka kwenye pampu kwenda kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa inayofaa petroli, kisha shikilia kitufe cha kuzima: ukikishikilia zaidi ya sekunde 2, pampu huanza kujaza mfumo. Endelea hadi sekunde 30. Unatafuta mkondo usiokatika na usio na mapovu. Mapovu maana yake kuna ufa kwenye mpira upande wa kunyonya, na ufa huo hautadondosha hata tone, kwa sababu pampu inavuta hewa kuingia badala ya kusukuma petroli kutoka. Watu hupapasa mpira, wakaukuta mkavu, wakaupitisha kuwa mzima. Ukunje kwa vidole: ukipasukapasuka kama tope lililokauka, badilisha wote kwa mpira wa daraja la SAE 30R7 wenye kipenyo kile kile, pamoja na klipu mpya. Mkondo mwembamba bila mapovu ni chujio au pampu. Hapa lalamiko la kwanza: chujio limefungwa kwa nyuzi kwenye mdomo wa pampu. Ukilikaza bila kushika mwili wa pampu kwa spana ya pili, unabadilisha chujio na kuvunja pampu.

Bado una shaka? Chovya mpira wa kunyonya kwenye galoni dogo la petroli mpya, lililosimama imara mbali na ekzosi. Jenereta ikitulia, tatizo liko kati ya tangi kuu na pampu. Isipotulia, hapo ndipo ufungue kabureta.

Kabureta husema kabla hujaishika. Injini inayopanda na kushuka bila mzigo, lakini ikatulia ukiwasha kitu kikubwa, ina njia ndogo ya petroli iliyoziba. Inayokwenda vizuri bila mzigo kisha ikazimika kiyoyozi kikiingia, jeti kuu (kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupimia petroli) au mlisho ndio mbovu. Kazi yenyewe ni ya nusu siku kwa asiye na haraka. Toa waya hasi wa betri, bana mpira wa petroli, toa chujio la hewa, piga picha ya springi na vifimbo vya gavana, kifaa kinachotunza kasi ya injini, vilivyo. Springi ikirudi tundu lisilo lake, mzunguko wote unaharibika. Fungua bakuli na umimine kilichomo kwenye kopo jeupe: matone ya maji hutuama chini, na petroli iliyolala huacha utando wa rangi ya chai unaonata kwenye vidole. Toa jeti, ielekeze kwenye mwanga. Tundu lazima lionekane duara kamili. Likionekana kama mwezi mchanga, bado chafu. Tumia dawa ya kabureta na hewa ya kupuliza, na kwa uchafu sugu uzi wa nailoni. Usitumie sindano wala ncha ya drili, kwa kuwa shaba ni laini na tundu likishapanuka halirudi. Gasketi za mpira ziweke kando kabla ya kupuliza dawa. Zikiloa huvimba na bakuli halitafunga tena.

Kabureta za kuiga ni nafuu na zitaiwasha injini, hilo tusilikatae. Lakini nyingi zina jeti ambazo hazikulingana na ile ya asili, na utabaki na mtambo unaopanda na kushuka bila mzigo hata baada ya kununua. Safisha ya asili mara mbili kwanza. Ukinunua, taja namba ya modeli na herufi ya spec (toleo) iliyo kwenye kibao cha jenereta: mashine mbili zenye jina moja zinaweza kutofautiana vipuri kwa herufi hiyo tu.

Injini ikikatika ghafla ikiwa ya moto, weka kipima cheche kwenye waya wa plagi mara tu inapozimika. Hakuna cheche ikiwa moto, ipo ikiwa baridi? Badilisha koili. Ukiwa hapo, plagi yenyewe iache pengo la milimita 0.64.

Injini inazunguka vizuri ila hakuna umeme ndani ya gari? Subiri nusu dakika kwanza, kwa sababu swichi nyingi za kuhamisha umeme huchelewa makusudi. Halafu tazama breka iliyo kwenye jenereta yenyewe, inayosahauliwa kila mara. Ikiwa salama na msimbo ni 27, kidhibiti kinasema hakioni volti inayotoka, na mshukiwa wa kwanza ni kaboni (brashi) zinazogusa pete za rota, sehemu inayozunguka ya jenereta. Mtambo ukikaa miezi bila kuwashwa, pete hushika kutu nyembamba na kaboni hazipitishi tena. Tenganisha nyaya zake, toa plagi ili injini izunguke kirahisi, weka multimita kwenye ohmu kati ya terminali mbili za kaboni, na uzungushe shafti polepole kwa mkono. Namba ikitulia, ni nzima. Ikirukaruka, safisha pete. Isipoonyesha kitu, gusa pete zenyewe moja kwa moja: zikisoma, kaboni imekwama au imekwisha, zisiposoma, waya wa rota umekatika. Kati ya pete na shafti kusiwe na mawasiliano kabisa. Safisha kwa msasa laini wa kawaida, usitumie emeri, maana punje zake zinabaki kwenye kaboni na kukwaruza pete. Mahali kaboni zilipo, mkono mmoja unaingia kwa shida na macho hayaingii. Lalamiko la pili hilo.

Msimbo 32 ni selfu inayozunguka polepole. Pima volti kwenye terminali za jenereta wakati wa kuwasha, si kwenye betri. Betri ikionyesha 11 na jenereta 9, waya ama athi (muunganisho wa hasi kwenye fremu ya gari) ndiyo imekula tofauti. Kwangua rangi na kutu chini ya boliti ya athi kabla ya kununua betri.

Huduma ya kawaida haina ugumu: oili lita 1.5, ibadilishwe baada ya saa 20 za kwanza, kisha kila saa 150, injini ikiwa na joto ili itoke yote. Mtengenezaji anataka mtambo uwashwe walau saa 2 kila mwezi ukiwa na nusu ya mzigo wake. Kuuwasha dakika tano bila mzigo hakutoshi: injini haipati joto la kukausha unyevu, wala pete za rota hazifanyi kazi. Baada ya kila tengenezo pima Hz: bila mzigo iwe 60 au juu kidogo, na ikishuka chini ya 57 ukiwa na mzigo mkubwa, rudi kwenye petroli. Kagua pia kiungo cha ekzosi. Masizi meusi pembeni ya gasketi ni moshi unaotoroka, na kaboni monoksidi haina harufu. Kengele yake ndani ya gari iwe inafanya kazi kabla ya mtu kulala.

Lalamiko la tatu ni kidhibiti. Kimefunikwa kwa gundi ngumu, hakitengenezeki nyumbani, na ni miongoni mwa vipuri vya bei kubwa. Kwa hiyo kiwe cha mwisho kushukiwa: chomoa soketi yake, angalia pini zenye kutu ya kijani, zisafishe kwa dawa ya viunganishi, vuta kila waya taratibu, rudisha mpaka isikike ikibana, kisha washa na mzigo kwa saa nzima.