Kampuni ya paking ilinitolea nje, POPLA ikaniokoa: uzoefu wangu na "faini" ya pauni 100

Niseme mapema kabisa, POPLA, wale wasuluhishi wa nje unaowakatia rufaa kampuni ya paking ikikudai, nawapa nyota 5. Kampuni ya paking siitaji jina, na nyota siwapi hata ya kuazima. Naishi Reading huku Uingereza, na nimeamua kuandika kwa sababu kila mara kwenye grupu letu la WhatsApp kuna mtu anarusha picha ya barua yenye namba ya gari lake, anauliza jamani hii nalipa au natupa, halafu wazoefu wanamjaza maneno ambayo yalikuwa kweli enzi hizo lakini leo yatamtoa mtu damu.

Stori yenyewe. Jumamosi ya tarehe 8 Machi 2025 gari iliingia kwenye paking ya maduka, zile ambazo hazina geti wala mlinzi, kamera tu inasoma namba ukiingia na ukitoka, na bango limepigiliwa juu kwenye nguzo maandishi madogo utadhani karatasi ya ndani ya boksi la dawa. Bure masaa 2. Gari ikakaa masaa 2 na dakika 26. Hizo dakika 26 ni viatu vya mtoto jamani, wanampima mguu kwanza, unasubiri zamu, zamu ikifika saizi ipo lakini ya mguu wake haiko stoo, wanaanza upya. Nani alikuwa anaendesha siku hiyo? Hapo mtanisamehe, mbele mtaelewa kwa nini siwaambii hata nyie.

Basi tumesahau kabisa habari za viatu, tarehe 28 Machi inaingia barua. Picha mbili, gari inaingia, gari inatoka, saa imeandikwa mpaka sekunde, lipa pauni 100, ukilipa ndani ya siku 14 tunakupunguzia iwe 60. Moyo ulinipiga paa. Nyumbani Dar tumezoea mtu wa paking anakuja mpaka dirishani, unamuona, mnaongea, huku unahukumiwa na nguzo.

Kitu cha kwanza ambacho sikukijua na nimekaa nchi hii miaka 9: hiyo sio faini. Ya halmashauri au polisi ndio faini ya kweli, ina sheria zake na usicheze nayo. Hii ya kampuni binafsi ni madai tu, wanasema umevunja makubaliano ya bango lao kwa hiyo wanakudai, ila barua wanaipamba makusudi ifanane na ile ya serikali, mpaka vifupisho vyake ni vile vile PCN. Jina na anwani yako wanazinunua DVLA, idara ya serikali inayosajili magari, pauni 2.50 kwa gari moja, basi, hivyo ndivyo walivyokujua.

Sasa mimi na malezi yangu ya kibongo nikakaa chini kuandika barua ya kuomba msamaha. Ile ya kufundishwa shule, anwani juu kulia, YAH: MAOMBI YA KUSAMEHEWA, kwa heshima na taadhima. Kiingereza chake kilinyooka kweli, nimeeleza mtoto, viatu, foleni, mvua, nimeeleza na kazi yangu ya kutunza wazee ili waone ni mtu mwema. Bahati nzuri kabla sijaituma nikamwonyesha dada mmoja Mkenya tunafanya naye shifti ya usiku, yeye alishapitia. Akasoma kwenye simu, kimya, halafu akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Umeandika 'mimi' mara kumi na moja. Futa yote."

"Sasa nitaombaje msamaha bila kujitaja?"

"Kwani nani amekwambia uombe msamaha? Wewe ni mwenye gari tu. Wao hawajui nani aliendesha, na wewe hakuna sheria inakulazimisha uwaambie. Wacha watafute wenyewe."

Hapo ndio siri yote ilipo, na kwa Kiswahili hata ni rahisi kuielewa kuliko Kiingereza, unatoa NI unaweka LI. "Nilipaki" inakuwa "gari lilipaki". Mtu hayupo kwenye sentensi. Ukishaandika nilipaki, nilichelewa, nilikuwa na mtoto, umeshajitaja kuwa dereva na dereva anadaiwa moja kwa moja hata kama barua yao ina makosa matano. Ukibaki mwenye gari tu, inabidi wafuate masharti ya sheria ya mwaka 2012, inaitwa Protection of Freedoms Act, kwenye Jedwali la 4, ndio waweze kukuhamishia deni. Na sharti moja, kama hawakubandika kikaratasi kwenye kioo siku ile ile, ni kwamba barua ikufikie ndani ya siku 14 kuanzia kesho yake.

Nikachukua kalenda ya jikoni. 9 Machi ndio siku ya kwanza, siku ya 14 inaangukia 22 Machi. Barua yao juu imeandikwa imetolewa tarehe 25. Yaani walipoiandika tu walikuwa wameshachelewa, bado posta.

Kwa hiyo rufaa ya kwanza nikaituma kwao wenyewe kupitia tovuti yao, mistari minne, mimi ni mwenye gari, barua yenu imechelewa, sidaiwi, futeni. Nikajiona wakili. Nikawa nasubiri waombe radhi haha.

Mwisho wa Aprili wakajibu. Wamekataa. Na kilichoniuma sio kukataliwa, ni kwamba hoja ya tarehe hawakuigusa kabisa, kurasa mbili wanaeleza kamera zao ni sahihi na mabango yako wazi, kitu ambacho sikuwauliza, halafu chini wanasema kwa kuwa hujamtaja dereva tunachukulia dereva ni wewe. Na kwa wema wao ofa ya pauni 60 wanairudisha siku 14 zingine, ila ukienda mbele ukishindwa utalipa 100 kamili. Hapo ndipo watu wengi wanapolipa. Waifu alishatoa kadi, akasema baba lipa yaishe, sitini sio hela ya kukosea usingizi. Nami karibu nilipe kweli.

Ila kwenye hiyo hiyo barua ya kukataliwa, chini chini, kuna namba ya tarakimu 10. Hiyo namba ndio mali. Ndio inakufungulia mlango wa POPLA, na huwezi kwenda POPLA bila kwanza kukataliwa na kampuni, kwa hiyo kukataliwa kule ni hatua tu, sio mwisho, laiti ningejua nisingekosa hamu ya kula siku mbili. Una siku 28 za kuitumia. POPLA ni wasuluhishi wa nje, kukata rufaa kwao ni bure, na wakiamua upande wako kampuni lazima ikubali, wakiamua upande wa kampuni wewe uamuzi huo haukulazimishi, bado unaweza kupambana ikikupeleka mahakamani. Angalizo, POPLA ni kwa kampuni ambazo ziko chini ya chama cha BPA, zilizo chini ya chama kingine, IPC, zina mahali pao pengine panaitwa IAS, angalia nembo kwenye barua kabla hujaanza kupoteza muda.

Huku POPLA sikuandika mistari minne tena. Nilikaa Jumapili nzima nikaandika PDF ya kurasa 5, hoja ya kwanza tarehe, nimepiga mpaka hesabu ya siku moja moja, ya pili hawajathibitisha nani dereva na kudhania sio ushahidi, ya tatu waonyeshe mkataba wao na mwenye eneo unaowapa ruhusa ya kudai watu, ya nne mabango. Viatu sikuvitaja. Mtoto sikumtaja. Iliniuma kidogo maana mimi ni mtu wa kujieleza, lakini POPLA wanaangalia kama dai limetolewa kihalali, habari za huruma hawana mamlaka ya kukufutia.

Kampuni nayo ikaleta ushahidi wake, ukurasa baada ya ukurasa, mabango yamepigwa picha mchana wa jua kali (sijui jua hilo walilipata wapi mwezi Machi), mkataba umefutwa kwa wino mweusi nusu nzima kama barua ya kijasusi. Unapewa siku 7 za kutoa maoni juu ya ushahidi wao, hizi usiziache zipite! Mimi nimefungua lile furushi na chai yangu, napekua, napekua, nakuta nakala ya barua yao wenyewe waliyonitumia, na pale juu imekaa ile ile, imetolewa 25 Machi. Wamenibebea ushahidi mpaka mlangoni. Maoni yangu yakawa mafupi, angalieni nakala yao ya barua, hesabuni siku.

Mwanzoni mwa Julai nikiwa kwenye basi imeili ikaingia. Rufaa imekubaliwa. Mwamuzi ameandika kwamba kampuni haijafuata muda wa sheria kwa hiyo haiwezi kumdai mwenye gari, na haijaonyesha kwamba mwenye gari ndiye aliyekuwa dereva, akaishia hapo, hoja zangu nyingine hata hakuzigusa maana moja ilitosha. Ile ya mabango niliyoihangaikia masaa mawili na kupiga picha usiku, wala.

Sasa wale wa "tupa hiyo barua, hawana meno". Ndugu zangu, hayo yalikuwa kabla ya Oktoba 2012, mwenye gari alikuwa hadaiwi kabisa. Na mwaka 2015 mahakama ya juu kabisa iliamua kesi ya muuza chipsi mmoja, Barry Beavis, alipitiliza dakika 56 kwenye paking ya maduka Chelmsford, akadaiwa pauni 85, akapanda nayo ngazi zote mpaka juu na akashindwa. Kwa hiyo usimwambie mtu pauni 100 ni wizi mahakama itaifuta, haitaifuta kwa hoja hiyo. Jamaa yangu wa Leicester alizitupa barua zote, zikaja za wakusanya madeni wino mwekundu akazitupa pia, hizo kweli hazina nguvu maana sio madalali wa mahakama, lakini akatupa na ile ya mahakama yenyewe. Akahukumiwa bila kuwepo, na alipoenda kuomba mkopo wa nyumba ndio akakutana na hukumu yake imekaa kwenye rekodi inamsubiri.

Na tusidanganyane, ningekuwa nimepata barua tarehe 15 Machi hoja yangu kubwa ingekufa na huenda leo ningekuwa nimelipa 100. Kwa hiyo barua ikifika usianze kuangalia kiasi, angalia tarehe tatu, ya kupaki, ya kutolewa, ya kufika, na bahasha usiitupe. Na kama umepaki Scotland haya ya Jedwali la 4 usiyapeleke huko, ni ya England na Wales tu.

Yule dada Mkenya nilimpelekea boksi la keki kazini. Akauliza, "haya sasa niambie ukweli, nani alikuwa anaendesha?" Nikamwambia gari lilipaki. Viatu vyenyewe mtoto vimeshambana, Jumamosi tunarudi kununua vingine na safari hii tunapanda basi.