Debian inapogongana na maktaba za nje: uzoefu wangu, Kigoma

Nina steshenari hapa Mwanga, na kompyuta zote za wateja zinatumia Debian, mfumo endeshi wa kompyuta. Juzi nilikuwa naihamisha moja kutoka toleo la 12 kwenda la 13, lile lililotoka Agosti 2025. Katikati ya kazi dpkg, programu ya Debian inayosakinisha pakeji (mafurushi ya programu), ikagoma: faili la maktaba ya video (msimbo unaotumiwa na programu nyingi kwa pamoja) ndani ya /usr/lib/x86_64-linux-gnu tayari ni mali ya pakeji nyingine. Kiwanja kimoja, hati mbili.

Kwangu hapo ndipo Debian inapostahili sifa. Haikuandika juu ya faili la zamani kimyakimya ili programu ije kuzima wiki ijayo, mteja akisubiri barua yake ya maombi ya kazi. Ilisimama, ikataja faili na pakeji zote mbili zinazoligombania.

Nikaendesha `apt policy` na jina la ile pakeji ya zamani; apt ndiyo inayoshusha pakeji na kuikabidhi dpkg, na amri hii huonyesha pakeji inapatikana wapi. Kumbe ilitoka kwenye hazina ya nje (ghala la pakeji lisilo la Debian), iliyoongezwa na aliyetuuzia mashine. Kwenye Debian yenyewe, faili likihama pakeji, mtunzaji wa pakeji huandika Breaks na Replaces, yaani tamko kwamba pakeji mpya inachukua faili la ile ya zamani, na dpkg inajua makabidhiano ni halali. Pakeji za nje mara nyingi hazimo kwenye mpango huo.

Mafundi wengi hapa hukimbilia `--force-overwrite`, yaani kuilazimisha dpkg iandike juu ya faili la pakeji nyingine. Siipendi kabisa. Faili linahamia kwa pakeji mpya, na siku ukiiondoa hiyo, linaondoka nalo. Ile ya kwanza inabaki kwenye orodha kana kwamba ni nzima, na maktaba yake haipo. Mimi nilifuta hazina ile kutoka /etc/apt/sources.list.d, nikaiondoa pakeji yake kwa `dpkg -r` (hakuna programu iliyokuwa ikiitegemea), kisha `apt --fix-broken install` kurekebisha usakinishaji uliokwama, halafu `apt full-upgrade` kumalizia kuhamia toleo jipya. Ikapita.

Na bando langu likasalimika! Pakeji zilizokwishashuka zilikuwa bado zipo /var/cache/apt/archives, kwa hiyo apt iliendelea nazo bila kuzishusha upya. Sisi tunaolipia kila gigabaiti mfukoni tunajua uzito wa jambo hilo.

Naipa nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku ujumbe wa kosa utakapotaja pia pakeji imetoka hazina gani, maana kijana anayeanza hana namna ya kujua kwamba kuna `apt policy`.