Uzoefu wangu na Smith & Wesson 642: kabastola ka mfukoni kanakopiga vizuri ukikajulia

Tangu watu wa huku Houston, Texas wajue ninayo hii 642 naulizwa sana kama kweli ina shabaha, hasa na dada zangu wanaotoka kazini usiku, kwa hiyo naandika yote hapa ili anayetaka kununua asome kabla hajatoa hela. Jibu langu ni kwamba bastola hii inapiga pale pale unapoielekeza, shughuli ni kuielekeza bila kuitikisa wakati unavuta triga, na hilo linafundishika kabisa. Wanaosema hizi ndogo hazina shabaha, eti ni za umbali wa kushikana mashati tu, mimi siwakubalii.

Kwa wasioijua, ni rivolva, yaani bastola ya silinda inayozunguka, ya risasi tano za saizi ya .38 Special, mtutu haufiki hata inchi mbili, bodi ya aluminiamu, na nyundo imefichwa ndani kwa hiyo hakuna kitu cha kunasa nguo ukiitoa mfukoni. Ni ya ukoo wa J-Frame, rivolva ndogo za Smith & Wesson, ulioanza 1950, na hizi za nyundo ya ndani zilitoka 1952 kampuni ilipotimiza miaka mia ndo maana zikapewa jina la Centennial. Bila risasi ina gramu mia nne na ushee tu, unaiweka mfuko wa mbele wa suruali na haivuti nguo, na hapo ndipo inapozishinda zile kubwa, maana bastola nzuri iliyobaki nyumbani kabatini haikusaidii kitu saa sita usiku kwenye paking.

Kuna jambo linaniuma na nalisema wazi. Madukani mwanamke akiingia mara nyingi anaonyeshwa rivolva ndogo kwanza, anaambiwa hii ndo nyepesi, hii ndo rahisi, haina mambo mengi, unavuta tu. Kuitumia kweli ni rahisi, haina slaidi ya juu ya kuvuta wala magazini (kasha la risasi) ya kusahau. Lakini kuilenga ni ngumu kuliko bastola kubwa ya 9mm, ngumu mno, na mtu asipoambiwa hilo anaenda renji (uwanja wa kupigia shabaha) mara moja, karatasi inabaki nzima, mkono unauma, anairudisha kwenye boksi lake mpaka leo. Wauzaji waambieni watu ukweli jamani.

Sasa tuje kwenye mziki wenyewe, triga. Kuivuta kunahitaji nguvu ya kama paundi 12, wakati bastola yenyewe haifiki paundi moja. Hebu fikiria hapo, kidole kinavuta kwa nguvu zaidi ya mara kumi na mbili ya uzito wa kitu ulichokishika, na triga ina safari ndefu, kwa hiyo muda wote huo kidole kinaikokota bastola nzima na anayetumia mkono wa kulia risasi zake nyingi zinaangukia chini kushoto. Halafu kutoka mfereji wa kulengea wa nyuma mpaka ile alama ya mbele hakufiki inchi nne, yaani ukiyumba milimita moja tu pale mbele, kwenye karatasi iliyo yadi saba umeshakosa kwa inchi mbili na nusu hivi. Ndo maana watu wanadhani mtutu mfupi hauna shabaha, kumbe ungeifunga kwenye meza ikatulia ungeona risasi zinavyoingia karibu karibu.

Mwalimu wangu ni mzee mstaafu wa polisi wa huku, na darasa la kwanza hakuniruhusu hata kugusa risasi. Tulifyatua kavu tu. Bastola imekaguliwa haina kitu, risasi zimewekwa chumba kingine, unaweka risasi bandia za mazoezi kwenye silinda, unalenga alama ndogo ukutani unavuta triga taratibu bila kusimama katikati mpaka nyundo ianguke, macho yako kwenye alama ya mbele, isisogee. Ukiweza anakuwekea sarafu ya senti kumi juu ya alama ya mbele na unavuta tena na sarafu haitakiwi kudondoka. Nyumbani nafanya hivyo hivyo karibu kila jioni, dakika chache tu, kwa sababu ukichoka unaanza kujifunza vibaya. Nikisema hili ndilo limenifanya nilenge sisemi kwa kuongeza chumvi, renji nilikuwa naenda kuhakikisha tu kile nilichojifunza sebuleni.

Cha pili ni kuishika. Unaikamata juu kabisa kwenye kishikio, hasa hii ambayo haina nyundo nje inakubali mkono kupanda juu zaidi, unaibana kwa nguvu kuliko unavyodhani inahitajika, dole gumba la mkono wenye bastola unalikunja chini na lile la mkono wa kusaidia linakaa juu yake. Kidole cha triga usitumie ncha kama wanavyofundisha kwenye bastola za magazini, ingiza mpaka kwenye kiungo cha kwanza, huko ndo kuna nguvu ya paundi 12. Na tafadhali, vidole visitangulie mbele ya silinda, kati ya silinda na mtutu kuna upenyo ambao gesi ya moto inatokea pembeni na inakata ngozi. Kwenye mtutu mfupi namna hii ni rahisi sana kidole kusogea huko, ndo maana mzee alikuwa anakagua mikono ya kila mwanafunzi kabla ya kila raundi.

Zoezi nililolipenda kuliko yote ni la kuchanganya maganda. Rivolva ina raha yake hapa, unaweka risasi nzima mbili au tatu na maganda matupu kwenye nafasi zilizobaki, unazungusha silinda unafunga bila kuangalia, kisha unapiga kama kawaida. Ikifika kwenye ganda tupu, hakuna mlio, na hapo kama mkono unashtuka kabla ya risasi unauona kwa macho yako mtutu ukiinama. Hakuna wa kubishana naye. Unarudia mpaka nyundo iangukie ganda tupu na mtutu umetulia tuli.

Kuhusu spidi, wapo wanaovuta triga nusu, wanasimama, wanalenga tena, ndo wanamalizia. Mimi sishauri, pale unaposimama ndipo unapoanza kuikaba na risasi inatoroka. Vuta moja kwa moja, na ukishapiga iachie triga irudi mbele mpaka mwisho, ukiiwahi kabla haijarudi inaweza kukwama au kuruka tundu la risasi. Na anayedhani triga ndefu ni uchelewesho akumbuke mpiga shabaha Jerry Miculek mwaka 1999 alipiga risasi 12 kwa rivolva ya risasi sita, na kupakia katikati yake, ndani ya sekunde 2.99. Ile yake ni kubwa na nzito sawa, lakini namna ya kuvuta ni hiyo hiyo.

Risasi za kununulia mazoezi: tafuta wodkata za greini 148, zile za kichwa bapa, zinapiga taratibu, haziumizi kiganja na zinatoboa karatasi tundu safi la duara unaliona ukiwa mbali. Zile zenye alama ya +P, yaani za msukumo mkubwa kuliko kawaida, 642 inazibeba, ila kwa bastola nyepesi hivi zinauma, weka chache tu uzijue zinavyoruka kisha rudi kwenye laini. Jiandae kimfuko pia, .38 huku inauzwa ghali kuliko 9mm. Bastola yenyewe ni kama dola mia tano hivi, inategemea duka.

Matokeo sasa. Kwa yadi saba risasi zote tano zinakaa ndani ya duara la inchi nne nikiwa nimetulia, yadi tatu zinagusana. Yadi kumi na tano napata karatasi ya umbo la mtu bila shida. Alama ya mbele niliipaka rangi ya kucha ya chungwa inayowaka, kidogo tu, kwa sababu yenyewe ni chuma kitupu inapotea kwenye shabaha nyeusi.

Yasiyopendeza yapo. Risasi ni tano na kupakia ni polepole, kijiti cha kutolea maganda ni kifupi kwa hiyo elekeza mtutu juu ukigonge kwa nguvu mara moja, ukikisukuma kwa huruma ganda moja linabaki. Mwenye arthritis (ugonjwa wa viungo) ya vidole triga hii itamtesa. Kuna J-Frame ya .22 inaitwa 43C, inabeba risasi nane na haimrushi mtu mkono, ila triga za .22 kwa kawaida ni nzito zaidi, kwa hiyo ajaribu kwanza ya kukodi.

Sheria nayo msiipuuze. Mwenye green card (kibali cha kuishi Marekani kwa kudumu) anaruhusiwa kununua kwa sheria ya federal, wa viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi, aulize mwanasheria kabla ya dukani. Texas tangu Septemba 2021 mwenye miaka 21 asiye na kizuizi anaweza kubeba bila leseni, lakini darasa nenda tu. Mfukoni iwe ndani ya ala inayofunika triga na mfuko huo usiwe na funguo wala kitu kingine. Na kama una watoto nunua sefu siku hiyo hiyo, Texas ni kosa kuacha bastola yenye risasi kizembe mtoto chini ya miaka 17 akaifikia.

Kwa dada zangu wa huku wanaotaka kuijaribu kwanza, mimi huwa renji Jumapili mchana. Njooni na miwani na vya kuziba masikio, wodkata nitawapa mimi.